Elimu ya Kupanga Miji

Wazazi wengi, kijana wao akitaka kusomea mipango ya miji, humjibu: "Kwa nini usisome udaktari?" Sisi nasi tulikuwa na fikira hiyo, mpaka siku tulipochukua jeneza katika mtaa uliojengwa bila ya mpango. Kichochoro kilikuwa chembamba hata ikatubidi kuliinua juu ya kuta za watu. Je, mgonjwa wa mtaa ule gari litamfikiaje?

Mtume wetu (s.a.w.) aliamua kuwa watu wakigombania njia, iachwe dhiraa saba. Basi njia si jambo dogo katika dini yetu.

Shahada ya kwanza ya elimu hii husomeshwa Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu Ardhi, kilichopata daraja ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Mwanafunzi hufunzwa kuchora ramani, kujua maji ya mvua yapita wapi, na kutenga mahali pa soko, shule na makaburi kabla ya nyumba kujengwa. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yalituonyesha haja yake.

Enyi wazazi, msiwavunje moyo vijana hao. Nasi tujengao leo, tuwaachie wenzetu njia.