Mwanga wa Nyota na Daftari la Mwanafunzi

Tarehe 3 Novemba, 2013, Mwezi ulipita mbele ya Jua, na huko Pakwach, kaskazini mwa Uganda, mchana uligeuka giza kwa muda mfupi. Jambo la namna hiyo, ingawa ni dogo mno, hutokea pia katika nyota za mbali. Sayari inapopita mbele ya nyota yake huzuia sehemu ya mwanga, na nyota hiyo hufifia kwa saa chache, kisha hurudia hali yake. Kwa kupima kufifia huko, wataalamu wamegundua sayari nyingi kuliko kwa njia nyingine yoyote. Ilipofika Machi 2022, sayari zilizothibitishwa nje ya zile za Jua letu zilikuwa zimepita 5,000.

Wapo wanaodhani kwamba kazi hiyo ni ya mataifa tajiri peke yake. Dhana hiyo haina msingi. Chombo cha Marekani kiitwacho TESS, kilichorushwa angani Aprili 2018, hutazama kila sehemu ya anga kwa siku zipatazo 27, na vipimo vyake hutolewa bure kwa yeyote anayevitaka. Aidha, sayari iliyoitwa PH1, iliyotangazwa mwaka 2012, ilitambuliwa kwanza na watu wawili wa kujitolea waliokuwa wakikagua michoro ya mwanga kwa macho yao.

Kwa hiyo, hakuna sababu kazi hiyo isifundishwe Mbarara, mji wenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, ambacho idara yake ya fizikia imekwisha kutoa wasomi wa elimu ya nyota. Wala hakuna sababu isifundishwe katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyofunguliwa mwaka 1958.

Somo lenyewe huanza na vitu vya kawaida. Taa huwashwa katika chumba chenye giza, na mpira mdogo uliofungwa kwa uzi huzungushwa mbele yake. Simu nyingi za siku hizi zina kipima mwanga. Mwanafunzi mmoja husoma namba, mwingine huziandika, kisha wote huchora grafu katika daftari la miraba. Mstari huenda sawasawa, hushuka, hupanda tena. Huo ndio mchoro wa mwanga.

Mchoro huo husema mengi. Muda kati ya bonde moja na jingine ndio mwaka wa sayari. Kina cha bonde huonyesha ukubwa wake: nyota ikipoteza sehemu moja katika 100 ya mwanga wake, upana wa sayari ni sehemu moja ya kumi ya upana wa nyota, kwa kuwa kumi mara kumi ni mia. Dunia yetu ikipita mbele ya Jua huzuia kiasi cha sehemu moja tu katika 12,000.

Lakini la msingi zaidi ni kujifunza kutilia shaka. Nyota mbili zinazozungukana hufichana pia, na mabonde yake huweza kupishana kwa kina. Chombo nacho huweza kukosea. Ndiyo maana bonde moja halitoshi. Hutakiwa kadhaa, yenye kina kimoja na muda ulio sawa, hata mwanafunzi aweze kusema mapema ni siku gani litatokea jingine. Na nyota isiyofifia si lazima iwe haina sayari. Huenda sayari yake haipiti mbele ya macho yetu.

Afrika Mashariki si ngeni katika anga hiyo. Mwaka 2019, Tanzania ilipopewa nafasi ya kutaja nyota na sayari yake, iliziita Mpingo na Tanzanite; Kenya ikachagua Kalausi na Buru. Kati ya sayari hizo mbili, Tanzanite iligunduliwa kwa njia hii ya kufifia kwa mwanga.

Kijana aliyesoma kwa Kifaransa huko Kongo, kisha akaingia darasa la Kiingereza nchini Uganda, mara nyingi huhesabiwa kuwa mjinga kumbe amekosa lugha tu. Grafu haimbagui. Yeye na mwenzake wa Mbarara wanaweza kujadiliana kwa Kiswahili juu ya bonde moja, na mwenye hoja ya haki akaonekana.

Ni kweli kwamba umeme, kompyuta na intaneti havipatikani kwa wote. Hata hivyo, vipimo vinaweza kuchukuliwa mahali penye mtandao, vikachapishwa katika karatasi na kupelekwa darasani. Kinachohitajika zaidi ni walimu walioandaliwa. Walio na elimu hiyo wana wajibu wa kuwafikishia wenzao, kwani vipimo vimekwisha kutolewa na vinangoja wa kuvisoma.