Je, Tairi Kubwa Huinua Gari?

Kila mwaka masika yanapokaribia, wakulima wa Majoreni na wa skimu za jirani hutuletea ofisini swali ambalo halihusu mbegu wala mbolea. Swali lenyewe ni hili: nikiweka tairi kubwa zaidi, gari langu litapita? Wanauliza kwa sababu njia zetu za mashambani zina mgongo katikati, yaani ule udongo unaobaki baina ya mikondo miwili ya magurudumu. Mvua ikiichimba mikondo hiyo, mgongo huzidi kuwa mrefu, na gari dogo likipita hukwaruza tumbo. Mahindi yako shambani, nazi zimekwisha kuanguliwa, mnunuzi anangoja kwenye barabara kuu ya Lunga Lunga, na gari limekaa juu ya mgongo kama jahazi lililopwelewa.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kushika karatasi za ofisi ya kilimo, kwa hiyo mtaniwia radhi nikirudi kidogo kwenye ubao na chaki. Hesabu yenyewe si ngumu. Mtoto wa darasa la sita aiweza, na ingefaa umpe aifanye kabla hujatoa fedha zako.

Nenda kwenye gari lako, uiname, usome maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Tuchukue gari dogo la mizigo aina ya Probox, ambalo wengi wenu mnalo au mnalikodi. Zile za toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 2014 nyingi huvaa tairi iliyoandikwa 155/80 R14. Namba ya kwanza, 155, ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili, 80, si milimita bali ni sehemu katika mia: yasema kwamba kimo cha ubavu wa tairi ni 80 kwa mia ya ule upana. Herufi R hutaja namna nyuzi zilivyolazwa ndani ya tairi, tuiache. Namba ya mwisho, 14, ni kipimo cha rimu kwa inchi, kutoka ukingo huu hadi ule wa pili.

Sasa tupige hesabu. Ubavu mmoja ni 155 mara 80, ugawe kwa 100, upate milimita 124. Kuna ubavu chini ya rimu na ubavu mwingine juu yake, basi jumla ya mbavu mbili ni 248. Rimu ni inchi 14, na kila inchi ni milimita 25.4, hivyo rimu ni milimita 355.6. Ukijumlisha yote utapata 603.6. Hicho ndicho kimo cha gurudumu zima kutoka ardhini hadi juu.

Lipo jambo ambalo muuzaji wa tairi halisemi, pengine kwa sababu haulizwi. Gari halikai juu ya gurudumu. Limekaa katikati yake, kwenye mhimili. Chukua sinia mbili nyumbani, moja kubwa na moja ndogo, uzisimamishe ukutani juu ya sakafu, kisha utie alama katikati ya kila moja. Ikiwa sinia kubwa inaizidi ndogo kwa vidole viwili juu, utaona alama yake ya katikati imezidi kwa kidole kimoja tu. Kwa hiyo ukubwa wowote unaouongeza kwenye gurudumu, gari lako huinuka kwa nusu yake. Ile nusu ya pili huenda juu, kwenye madigadi, nayo tutaiona baadaye.

Tuseme umetoa tairi ile ya 155/80 R14 ukaweka 185/65 R15. Ubavu ni milimita 120.25, mbavu mbili 240.5, rimu 381, jumla 621.5. Gurudumu limezidi kwa milimita 17.9, na gari limeinuka kwa milimita 9, ambazo hazifiki upana wa kidole changu cha mwisho. Umenunua rimu nne na tairi nne ili upate hizo. Na ukiweka 175/70 R14, tairi iliyo pana zaidi na yenye kuvutia macho, utapata jumla ya 600.6, gari limeshuka kwa milimita moja na nusu.

Mkulima mmoja wa huku kwetu aliuza korosho zake mwezi wa Januari, akaenda Ukunda akanunua rimu za inchi 15 na tairi mpya za 185/60. Alikuja kwangu mwezi wa Mei, hasara imekwisha kumpata. Akaniambia, "Mwalimu, rimu nimetoa 14 nimeweka 15. Tairi nimetoa 155 nimeweka 185. Namba zote mbili zimepanda. Mbona tumbo la gari lilikuwa likigusa palepale?" Nikampa kalamu. Akaandika mwenyewe: 185 mara 60, gawa kwa 100, ni 111, mara mbili ni 222, ongeza 381, jumla 603. Za zamani zilikuwa 603.6. Gari lake halikuwa limeinuka hata kidogo. Lilikuwa limeshuka, ingawa kwa unene wa karatasi tatu za daftari. Alikuwa ameongeza rimu akapunguza ubavu, na ile namba ya katikati, 60, hakuitazama kabisa.

Kibaya ni kwamba aliamini gari limeinuka, akawa anaupita mgongo kwa mwendo wa mtu asiye na wasiwasi. Siku moja mgongo ukapasua sampu, yaani lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Oili ikamwagika njiani. Jua lilikuwa kali machoni, taa nyekundu hakuiona, akaendelea mpaka injini ikakwama. Bei ya injini nyingine, tena iliyotumika, ilizidi fedha zote za korosho.

Na hata kama sampu ingepona, kulikuwa na hatari nyingine juu ya tairi zake. Baada ya kipimo cha rimu huandikwa namba nyingine inayotaja uzito ambao tairi moja yaweza kuuchukua. Tairi ya mizigo ya Probox ina namba 88, ambayo maana yake ni kilo 560. Tairi ya kawaida ya 185/60 R15 ina namba 84, maana yake kilo 500. Tofauti ni kilo 60 kwa gurudumu moja, kilo 240 kwa magurudumu yote manne. Kwa mahindi, hayo ni magunia mawili ya kilo 90 na zaidi ya nusu ya gunia la tatu. Mtu aliyezoea kujaza gari lake kwa kadiri ya tairi za zamani sasa amezidisha mzigo bila kuongeza gunia hata moja. Tairi iliyolemewa hupata moto ndani, na hupasuka barabarani kwenye mwendo, mbele ya watu wengine. Katika mambo yote ya makala hii, namba hiyo ndiyo ningependa uiandike kwenye kiganja unapokwenda dukani. Kipimo kinachofaa gari lako huwa kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho karibu na mlango wa dereva.

Ile nusu iliyokwenda juu nayo yataka nafasi. Gari likiwa tupu na limesimama dukani, tairi kubwa huonekana imekaa vizuri. Lipakie, kisha ukate usukani hadi mwisho huku gurudumu moja likiwa shimoni, ndipo utakaposikia tairi ikisugua madigadi. Kwa hiyo lijaribu likiwa na mzigo.

Saa ya mwendo pia hudanganyika, kwa sababu yenyewe huhesabu mizunguko tu, wala haijui ya kuwa kila mzunguko sasa ni mrefu zaidi. Kwa zile tairi za 185/65 R15, sindano ikionyesha 80 wewe unakwenda 82 na zaidi. Kama unabeba abiria, unaivunja sheria ya kilomita 80 huku sindano ikikuambia umetii. Nguvu ya kuvuta hupungua kwa kadiri hiyo hiyo, na kwa tofauti ndogo kama hii huenda usiitambue, ila kwenye mlima wenye matope.

Wenye pikapu husema, "Mimi nitainua springi." Wengine huweka vipande juu ya springi, ambavyo mafundi huviita spesa. Springi na spesa huinua bodi, hilo ni kweli, na kwenye gari dogo ambalo injini hufuata bodi, sampu nayo huinuka. Lakini pikapu nyingi zina mhimili wa nyuma ulio kipande kimoja, na difu iko katikati ya mhimili huo, ikining'inia juu ya mgongo wa njia pale pale. Mhimili huo umekaa juu ya magurudumu, nazo springi ziko baina yake na bodi. Inua bodi kadiri utakavyo, difu haisogei. Tairi pekee ndizo huinua difu, nazo kwa nusu ile tuliyoihesabu. Tena gari lililoinuliwa bodi huwa jepesi kupinduka kwenye kona likiwa na magunia yamepangwa juu.

Tairi zote za gari ziwe za kimo kimoja. Ukiweka kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili wa mhimili ule ule, difu hulazimika kufanya kazi safari nzima kana kwamba gari linapiga kona, na meno yake huisha upesi. Kwa gari linalovuta mbele na nyuma madhara ni makubwa zaidi. Ndivyo ilivyo kwa trekta. Ukitoa tairi za nyuma za 16.9 ukaweka za 18.4 juu ya rimu ile ile ya inchi 30, trekta huinuka nyuma kwa zaidi ya inchi moja, hulala mbele, na plau lazima lirekebishwe upya; na kama trekta inavuta kwa magurudumu ya mbele pia, usizibadili za nyuma peke yake.

Sasa pima gari lako mwenyewe. Egesha mahali palipo sawa, utie upepo kamili, upime kwa rula kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya tumbo. Pakia magunia yako ya kawaida, upime tena. Wengi mtaona ya kuwa mzigo umelishusha gari kuliko tairi yoyote ingavyoweza kuliinua, na upepo ukipungua huzidi kulishusha. Basi, mahali palipo na mgongo mrefu, safari mbili nyepesi huenda zikawa rahisi kuliko moja nzito. Na kama njia ina nafasi, usiupitishe mgongo baina ya magurudumu. Panda juu yake kwa gurudumu moja, la pili lipite ukingoni, polepole.

Ule mgongo uliopasua sampu ulisawazishwa Jumamosi moja kabla ya saa nne asubuhi, kwa majembe sita na toroli moja, na mtaro ukachimbwa ubavuni ili maji yasirudi njiani. Mkulima yule amerudisha tairi za 155/80 R14. Rimu zake nne za inchi 15 ziko ghalani, juu ya magunia ya mahindi, na bado anatafuta mnunuzi.