Lugha na mwinuko: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuzuru Bolivia

MSAFIRI anayekusudia kuzuru Bolivia, nchi ya milima ya Andes iliyo katikati ya Amerika Kusini, hukabiliwa na mambo mawili ambayo asipojiandaa nayo mapema yanaweza kumharibia safari: lugha na mwinuko wa ardhi.

Mambo hayo huenda pamoja. Kadiri mtu anavyopanda kutoka nyanda za chini za mashariki kuelekea milima ya magharibi, ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi, na ndivyo lugha za wenyeji zinavyobadilika.

Katiba iliyoanza kutumika Februari 2009 inatambua lugha rasmi 37, yaani Kihispania na lugha 36 za wenyeji. Aidha, inaitaka serikali kuu na serikali za mikoa kutumia angalau lugha mbili katika shughuli zake, mojawapo ikiwa Kihispania. Kabla ya hapo, kwa karne nyingi Kihispania ndicho kilichotawala mahakamani, shuleni na ofisini.

Kwa mgeni, Kihispania bado ndicho ufunguo wa kwanza, kwani Kiingereza hakisikiki sana nje ya hoteli kubwa na ofisi za utalii. Mzungumzaji wa Kiswahili ana nafuu hapa: irabu tano za Kihispania hutamkwa karibu sawa na a, e, i, o, u za Kiswahili. Anachopaswa kukumbuka ni kuwa herufi h haitamkwi, na j hutamkwa kama kh katika neno kheri.

Mji wa Santa Cruz ulioko mashariki, takriban mita 400 tu juu ya usawa wa bahari, hutumia zaidi Kihispania, ingawa Kiguarani nacho huzungumzwa katika nyanda hizo. Katika mabonde ya Cochabamba na Sucre, yaliyo kati ya mita 2,500 na 2,800, Kikechua husikika sana. La Paz na El Alto ni miji yenye Waaymara wengi.

Kikechua na Kiaymara hujenga maneno kwa kuongeza viambishi mwishoni. Katika Kikechua, wasi ni nyumba, wasiy ni nyumba yangu, na wasipi ni nyumbani. Anayesema nyumba na nyumbani hatashangazwa na utaratibu huo.

Salamu nayo ina uzito. Kwa Waaymara, mtu husalimiwa kwa neno kamisaraki, lenye maana ya hujambo, naye hujibu waliki. Sokoni, muuzaji na mnunuzi huitana casera, neno la Kihispania linalotumika baina ya watu waliozoeana katika biashara. Anayeanza kwa kuuliza bei bila salamu huonekana hana adabu, kama ambavyo angeonekana Zanzibar au Mombasa. Vilevile, ni vyema kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Suala la mwinuko ni la kiafya. Katikati ya La Paz ni takriban mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na kituo cha Horombo katika Mlima Kilimanjaro, ambacho wapandaji hukifikia siku ya pili. Uwanja wa ndege wa mji huo, ulioko El Alto, uko zaidi ya mita 4,000. Tofauti ni kwamba anayeshuka katika ndege hufika huko kwa saa chache, bila mwili wake kupata muda wa kuzoea.

Dalili za ugonjwa wa mwinuko ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi. Mgonjwa anapohema akiwa amepumzika, kuchanganyikiwa au kupepesuka, hali huwa ya hatari na anapaswa kuteremshwa mara moja na kufikishwa hospitali.

Wasafiri kutoka Afrika Mashariki wanapaswa kuzingatia jambo moja zaidi. Wenye ugonjwa wa selimundu huweza kupatwa na madhara makubwa katika mwinuko huo. Hata waliorithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja, ambao huenda hawajawahi kuugua, wanaweza kudhurika bandama. Ni busara kupima damu na kuonana na daktari kabla ya kukata tiketi.

Njia salama ni kuanzia Santa Cruz, kulala siku kadhaa Cochabamba au Sucre, kisha ndipo kupanda La Paz au Uyuni kwenye uwanda mkubwa wa chumvi. Siku za mwanzo, msafiri apumzike, anywe maji na aepuke pombe.

Wenyeji hutafuna majani ya koka au kuyanywa kama chai, jambo lililo halali nchini humo. Hata hivyo, kuyabeba kuvuka mpaka ni kosa katika nchi nyingi, na chai hiyo yaweza kumfanya mtu aonekane ametumia kokeini anapopimwa.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016 cheti chake hudumu maisha, nacho huhitajika pia wakati wa kurejea Kenya au Tanzania kutoka nchi yenye ugonjwa huo.

Mwisho, msafiri abebe noti ndogo za fedha ya boliviano, kwani chenji ni adimu sokoni, na nguo nzito kwa ajili ya baridi ya usiku. Aidha, aache siku moja au mbili za ziada kabla ya ndege ya kurudi, kwa kuwa waandamanaji hufunga barabara mara kwa mara.