Michungwa Ifayo kwa Njaa



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za michungwa na midimu. Katika nyumba nyingi, toka vilima vya Mbinga hata Mbamba Bay na Liuli, mti wa namna hiyo husimama karibu na mlango. Kivuli chake ni baraza ya wazee, na matunda yake hununua chumvi na madaftari ya watoto.

Miti hiyo ina adui asiyeonekana kwa macho. Wataalamu humwita virusi, na ugonjwa wake tristeza, neno la Kireno, maana yake huzuni. Jina hilo lilitoka Brazil, ambako tangu miaka ya 1930 michungwa ilikauka kwa mamilioni. Ilikuwa imebebeshwa juu ya mashina ya mdanzi. Virusi huharibu njia za chakula zilizo chini ya gome, pale mchungwa ulipoungana na mdanzi. Majani hutengeneza chakula kama desturi, lakini mizizi haikipati, na mti hufa njaa hali umejaa matunda madogomadogo. Mwaka 1946 ilithibitishwa kule kule Brazil kwamba vidukari, wale wadudu weusi wanaosongamana katika vichipukizi, huchukua ugonjwa toka mti hata mti. Nao umekwisha kuonekana Afrika ya Mashariki.

Lakini mchukuzi aendaye mbali kuliko kidukari ni sisi wenyewe. Mtu wa ziwani apandapo Mbinga kuuza usipa, shemeji yake humpa vijiti vya mchungwa mtamu akabebeshe kwake. Zawadi njema! Wala shemeji hana hila, kwa maana mchungwa uliobebeshwa juu ya limau kali waweza kukaa na virusi miaka mingi usidhoofike. Kijiti chake kikitiwa juu ya mdanzi, ndipo msiba huonekana.

Tazameni mdimu kwanza, kwani huo hauwezi kuficha. Inueni jani changa juani: mishipa yake ikipitisha nuru vipande vipande, ingieni shaka. Bandueni gome la tawi, mtaona vishimo katika mti wenyewe.

Msiuchanganye na ugonjwa wa nchi za baridi uachao tunda kombo na kijani upande mmoja. Huo ni wa bakteria, na mdudu wake hapendi joto la ufukoni.

Dawa ya tristeza hakuna. Mti unaokufa hung'olewa, nasi twajua uzito wa kumwambia mtu aung'oe mchungwa uliopandwa na marehemu baba yake. Walakini virusi hivi havipiti katika mbegu. Apande mbegu ya limau kali, abebeshe juu yake kijiti kilichopimwa na wataalamu wa kilimo. Akikikosa, apande mbegu ya chungwa lenyewe. Mchungwa wa mbegu una miiba mirefu, nao hukawia sana: mtoto abatizwaye mwezi huu huenda akaanza shule kabla haujazaa.