Lodwar, mgeni nilikuwa mimi

"Huko una nani?" Mama aliniuliza nilipomwambia natoka Mombasa kwenda Lodwar peke yangu. Sikuwa na mtu. Nilifuata Tobong'u Lore, tamasha la utamaduni la Turkana. Jina hilo maana yake ni "rudi nyumbani".

Waturkana huwaalika ndugu zao wa jamii za Ateker: Wakaramojong wa Uganda, Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia. Mipaka iliwagawa, lakini lugha zao bado zinasikilizana. Nilimwona mzee wa kutoka Uganda akizungumza na wenyeji bila mkalimani. Mimi, mwenye kitambulisho cha Kenya, ndiye niliyehitaji kutafsiriwa.

Basi nikajifunza salamu yao, "Ejoka". Kina mama wakacheka matamshi yangu, wakanipisha nikae, kisha wakanivuta katika edonga, ngoma yao ya kuruka. Jioni tukanywa chai, nikiwasimulia habari za bahari.

Ndugu zangu wa Pwani, tunajisifu kwa ukarimu, lakini kwa wenzetu hatuendi. Nendeni, hata peke yenu. Mwanzo wa udugu ni salamu. Sasa Mama akiuliza nina nani Lodwar, ninalo jibu.