Maji Katika Dizeli

Tangu mji wa Mocímboa da Praia uliposhambuliwa tarehe 5 Oktoba, 2017, barabara na bahari ya kaskazini ya Cabo Delgado zimekuwa njia za doria. Gari la askari likizimika kati ya Mocímboa na Palma, au boti ikikosa injini karibu na visiwa vya Quirimbas, adui hahitaji kupoteza risasi ili kuwasimamisha. Maji yaliyomo katika dizeli yanatosha kuleta balaa hilo.

Hewa ya pwani hiyo ina unyevu mwingi. Tangi lililojaa nusu huivuta ndani, na usiku unyevu hugeuka matone kutani mwa tangi. Maji yaliyotuama chini huleta kutu, tena huotesha vijidudu vyenye utando unaoziba chujio. Hayo hutolewa kwa koki ya chini. Taabu hasa ni matone madogo mno yaliyotawanyika, ambayo pampu huzidi kuyasaga. Hayo hayatuami upesi.

Hapo ndipo nyuzi zinapofanya kazi. Katika chujio la nyuzi za kioo, matone hunaswa, huungana hata yakawa makubwa, kisha huanguka katika kikombe. Lakini dizeli iliyochanganywa na mafuta ya mimea, au iliyotiwa dawa za kusafishia injini, huyazuia yasiungane, na chujio jema hushindwa. Wako wanaotegemea kitambaa cha pamba mdomoni mwa debe. Kikisharowa, kitambaa hicho huzuia mchanga na kupitisha maji. Na kikombe kisipomwagwa kabla ya injini kuwashwa, hujaa, na maji huendelea hadi kwenye nozeli.