Jina la Marehemu Lisizikwe Naye

Mtu akifa mjini siku hizi, kumzika hatushindwi. Kamati inaundwa jioni ile ile, michango inakusanywa, turubai linafungwa na maiti inasafirishwa, hata kama kwao ni Kinampanda, wilayani Iramba, zaidi ya kilomita 700 kutoka Dar es Salaam. Kisha matanga yanaanuliwa na watu wanarudi makazini. Swali letu leo ni hili: baada ya hapo, nani anamkumbuka?

Wananchi wa Mexico wana siku zao maalumu. Tarehe 1 Novemba hukumbuka watoto waliofariki, na tarehe 2 watu wazima. Mila hiyo ilizaliwa pale desturi za wenyeji wa kale zilipochanganyika na sikukuu za Kikatoliki zilizoletwa na Wahispania katika karne ya 16. Nyumbani huandaliwa meza yenye picha ya marehemu, mishumaa, maji, mkate na chakula alichokipenda. Makaburini watu hupalilia, hupamba kwa maua ya rangi ya machungwa, na penginepo hukesha hadi alfajiri wakisimuliana habari za wazee wao. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka sikukuu hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Huenda dini yako haikubali meza ya namna hiyo. Sawa. Lakini kiini cha jambo hili ni kutaja jina, na hilo si geni kwetu. Marehemu Profesa John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa ya Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili: sasa na zamani. Alieleza kwamba aliyekufa hubaki katika "sasa" maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Akiondoka wa mwisho aliyemfahamu, marehemu naye huzama katika "zamani". Ndiyo sababu Wakikuyu humpa mtoto jina la babu yake, na waumini wa pwani husoma hitima.

Taifa nalo huwakumbuka watu wake. Kila Aprili 7 Mzee Karume, aliyeuawa mwaka 1972, huombewa dua. Kule Igoma, Mwanza, yapo makaburi ya waliozama na MV Bukoba Mei 21, 1996. Lakini shangazi yako aliyekulea hana siku ya taifa. Kumbukumbu yake ni wewe. Je, mwanao aliyezaliwa mjini analijua jina lake? Akifikishwa kijijini, ataweza kuonyesha kaburi lake, au atapita juu yake akidhani ni kichuguu?

Dawa yake haihitaji kamati wala michango. Nunua daftari. Andika jina la kila marehemu wa ukoo, mwaka aliofariki, mahali alipolazwa na kazi aliyoifanya. Waulize wazee wakingali hai, maana wao ndio maktaba. Kinampanda kuna chuo cha ualimu, kwa hiyo wa kushika kalamu hawakosekani. Na ukienda likizo Novemba, wakati watu wa Singida wanaandaa mashamba kungojea mvua, jembe hilo hilo lipite na makaburini, mtoto akiwa kando yako, nawe ukimtajia majina.

Kaburi lisilo na saruji si aibu. Aibu ni kaburi lisilo na jina.